Nyapara Aliyejifunza Kutabasamu

Wasikilizaji wapendwa, za jioni. Anayesonga ugali aendelee, asije akauunguza kwa ajili yangu. Wengine sogeeni karibu. Mwenye redio aongeze sauti kidogo, jirani asiyekuwa nayo naye asikie. Hii ndiyo saa yetu ya kuwakumbuka waliotutangulia, na leo nimewaletea mmoja kutoka mbali.

Jina lake ni Stanslaus Maige. Narudia kwa waliokaa sasa hivi: Stanslaus Maige. Alikuwa nyapara katika mgodi mmoja wa dhahabu huko Geita. Amefariki dunia mwezi uliopita nyumbani kwake Buseresere, kwenye barabara ya Biharamulo, kwa ugonjwa wa kifua. Hakufika umri wa kuitwa mzee. Ameacha mjane, Philomena, na binti mmoja, Esta.

Najua mnajiuliza, huyu ni nani? Hakuwa chifu. Hakuwa tajiri. Jambo lililonifanya nipande gari la moshi mpaka Isaka, na kutoka Isaka nipande lori lenye magunia ya pamba na mbuzi wawili wasio na adabu, ni dogo ukilisikia. Mtu huyu alijifunza kutabasamu akiwa mtu mzima. Alijifunza kama watu wanavyojifunza kazi ngumu, kwa kukosea na kuchoka.

Nami nimerudi nimechoka, sitawaficha. Barabara ile haina huruma na mgongo wa mtu. Basi leo tutakwenda polepole.

Stanslaus alizaliwa kusini ya mji wa Shinyanga, kwenye mbuga, kule ambako udongo ni mweusi na mvua ikinyesha ng'ombe wanazama mpaka magotini. Maji ya kule ni ya visima. Mwenye kiu hayalalamikii, lakini yana tabia yake: yanapaka meno. Mtoto huota meno ya utoto meupe kama ya mtoto wa mahali popote. Yakishang'oka, yanayokuja baada yake huja na rangi ya kahawia, kama chai isiyo na maziwa. Na rangi hiyo haitoki, uisugue kwa mswaki wa mti au kwa mchanga. Huko nyumbani hakuna anayeona ajabu. Wote wako hivyo, nani amcheke nani?

Ajabu huanza ukitoka. Stanslaus alitoka mwaka 1941, wakati wa vita. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wa baba yake, na kijana akafuata walikokwenda wenzake, mgodini Geita. Kambini alikuta watu wa kila kabila: Wasumbwa, Wazinza, Wahaya, Wakurya, watu wa pwani, wa msikiti na wa kanisa. Siku ya kwanza, kwenye mstari wa kugawiwa posho, mtu mmoja alisema jambo la kuchekesha. Stanslaus akacheka. Mwenzake wa mbele akageuka, akamtazama mdomoni, akasema, "Jamani, huyu kwao wanakula kutu ya reli?"

Mstari mzima ukaangua kicheko. Ulikuwa mzaha tu, na aliyeutoa aliusahau kabla posho haijaiva. Stanslaus hakuusahau. Alifunga mdomo siku hiyo, akaufunga kwa miaka minane.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo mambo yanapoanzia. Hakuwa mkali. Alikuwa anaficha meno. Alipotaka kucheka, aliinamisha kichwa mpaka kicheko kipite. Alipozungumza, alibana midomo, maneno yakatoka mojamoja. Alipokula, alikaa pembeni na kuwapa wenzake mgongo. Sasa, sisi watu wa kanda ya ziwa tunajuana. Wanaume hula pamoja, sinia moja, nje, kila mtu aonekane. Mwanamume anayekula peke yake akiwa amegeuka, watu husema ana roho mbaya, au ana dawa. Wakasema hivyo. Wakaanza kumwogopa.

Bwana mkubwa wa mgodi naye akamwona. Akaona kijana asiyecheka, asiyezoeana na mtu, na watu wakimpisha njia. Akasema, huyu hana mchezo, huyu atafaa. Mwaka 1946 Stanslaus Maige akafanywa nyapara. Akapewa kikosi cha watu, koti la kaki, na filimbi. Yaani mtu alipandishwa cheo kwa sababu ya aibu ya meno yake, na hakuna aliyejua isipokuwa yeye na mkewe.

Nilikaa na huyo mkewe, Philomena, siku nzima pale Buseresere, akimenya mihogo ya kuuza. Ni mwanamke anayesema taratibu, kisu kikiendelea na kazi. Akaniambia hivi:

"Mwanzo alikuwa anaficha meno tu. Baadaye akawa mkali kweli. Mtu akiona kila siku watu wanamwogopa, mwisho naye anaamini. Hata mtoto akawa anajificha nyuma yangu baba yake akiingia."

Mwaka 1948 akaja kikosini kijana mmoja, Mihayo. Kazi yake ilikuwa kusukuma toroli la mawe chini kwa chini. Alitoka kijiji kimoja ng'ambo ya stesheni ya Isaka, na huko nako visima ni vile vile. Mihayo alikuwa na meno ya kahawia. Nasema tena: meno yale yale ya Stanslaus, rangi ile ile.

Lakini Mihayo alicheka. Alicheka posho ikichelewa, alicheka toroli likitoka relini. Walipomwambia habari ya kutu, akawajibu, "Nyie chimbeni tu. Dhahabu yenyewe ninayo mdomoni." Jioni alipiga ndono, ule upinde wenye kibuyu, na watu wakaacha vyungu vyao motoni kwenda kumsikiliza. Kambi nzima ilimpenda.

Stanslaus alimchukia. Nilimwuliza Philomena mara mbili kama neno ni hilo kweli. Akasema ni hilo. "Kila akimwona yule kijana anacheka, alijiona yeye mwenyewe amevuliwa nguo mbele za watu." Basi Mihayo akija na habari, nyapara alimkunjia uso na kumwambia neno moja: "Kazi." Mihayo akaenda zake. Kijana mwenye adabu anajua kusoma uso wa mkubwa wake. Tumewafundisha hivyo.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Ilikuwa mwezi wa tatu mwaka 1949, wakati wa masika.

Kule chini, dari la mwamba hushikiliwa na nguzo za miti. Mti ukielemewa, hulia. Haulii kwa kelele. Unalia kidogo, kama mlango wa zamani unaofunguliwa na mtu mwenye haya. Anayeusikia humwambia nyapara, maana nyapara ndiye mwenye filimbi, na filimbi ikilia kila mtu huacha chombo chake na kutoka. Hiyo ndiyo sheria ya kule chini, na haina nyingine juu yake.

Asubuhi hiyo Mihayo aliusikia mti ukilia. Aliacha toroli, akamfuata nyapara. Stanslaus alikuwa amesimama kwenye njia panda, taa mkononi, uso umekunjwa kama siku zote. Alimwona Mihayo akija. Alimwona akisimama mbele yake. Alimwona akifungua mdomo, akimtazama usoni, kisha akiufunga. Mihayo akageuka, akarudi alikotoka. Stanslaus hakumwita. Alidhani kijana alitaka ruhusa ya kwenda kujisaidia.

Kabla ya mchana dari likaanguka. Wote walitoka isipokuwa mmoja. Aliyebaki chini ya mawe ni Mihayo.

Walimzika kambini. Kaburi lilipokwisha kufukiwa, akajitokeza mbele Athanas, aliyekuwa akisukuma toroli moja na marehemu na kulala naye chumba kimoja. Hakupaza sauti. Alisema, "Nyapara, Mihayo alikuja kukuambia. Mti ulikuwa unalia. Alikuja mpaka karibu yako, akarudi. Nikamwuliza, umemwambia? Akasema, leo uso wake mbaya, nitamwambia kesho."

Wazee wetu wametufundisha kwamba mdomo uliponza kichwa. Siku ile makaburini watu waliona kwamba mdomo uliofungwa nao huponza, na kichwa kinachoponzwa huwa cha mtu mwingine. Athanas akaokota jembe, akaondoka. Tangu siku hiyo hakumsemesha Stanslaus.

Desturi ni kwamba mkubwa wa kazi hupeleka mizigo ya marehemu kwao. Stanslaus angeweza kumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe. Alichukua blanketi la Mihayo, sufuria yake na ile ndono, akapanda lori, wakapita Bugarama wakateremka mpaka Isaka, kisha akatembea kwa miguu. Njia nzima, alikuja kumwambia mkewe baadaye, alikuwa akipanga maneno. Atamwambia mama kwamba kijana hakuteseka. Atamwambia alikuwa akimtaja mama yake. Maneno mazuri, ya kutuliza, na ya uongo.

Mama yake Mihayo anaitwa Limi. Alikuwa shambani kwake, akipalilia mtama. Akamwona mgeni anakuja na ndono ya mwanawe mkononi, na mwanawe hayupo nyuma yake. Hakuna aliyehitaji kumwambia zaidi. Aliweka jembe chini, akakaa palepale kati ya mtama.

Stanslaus alikaa matangani mpaka yakaisha. Alichota maji, alipasua kuni, alilala nje na wanaume. Siku watu walipotawanyika, Limi akamwita, akampa kigoda. Maneno yao ninayo kama Philomena alivyonipa, na bibi Limi mwenyewe ameyathibitisha.

"Wewe ndiye mkubwa wake wa kazi?"

"Ndiye mimi, mayu." Hivyo ndivyo kule kwetu tunavyomwita mama.

"Siku ile alikuambia nini?"

Maneno mazuri yalikuwa tayari mdomoni. Hayakutoka. Stanslaus akasema, "Hakuniambia kitu, mayu. Alikuja kuniambia kwamba mti unalia. Akaniona uso, akarudi."

Limi akamtazama usoni. Kisha akauliza, "Huo uso una nini?"

"Sicheki. Nina meno mabaya."

"Fungua mdomo."

Mtu mzima, nyapara mwenye koti na filimbi, akafungua mdomo kama mtoto kwa mganga. Limi akatazama. Kisha yeye naye akafungua wake. Meno ya kahawia, mpaka gego la mwisho.

"Haya ndiyo mabaya?" akasema. "Mwanangu alikuwa nayo haya. Baba yake amezikwa nayo. Haya ni maji ya kwetu." Akili yake ikafika mahali ambapo hakutaka ifike. "Basi mwanangu amekufa kwa ajili ya meno."

Stanslaus akateremka kwenye kigoda, akapiga magoti ili aombe msamaha. Limi akamkataza.

"Usiniombe. Sikusamehe, na usije ukasema kwa watu kwamba nimekusamehe. Rudi huko huko kwenye kazi yako. Wako watoto wa wenzangu kule chini. Wakija mbele yako, wasirudi."

"Nifanyeje, mayu?"

"Mimi si nyapara, sijui. Anza kwa kufungua mdomo."

Hapo ndipo lilipoanzia tabasamu la Stanslaus Maige, wasikilizaji wapendwa. Halikuanzia kwenye furaha. Lilianzia matangani, kwa amri ya mama aliyefiwa.

Akarudi Geita. Asubuhi ya kwanza alisimama mahali pa kuteremkia, watu wake wakiwa kwenye mstari. Akawatazama. Akatoa meno yote nje. Kikosi kizima kikaduwaa. Mmoja akanong'ona, "Leo kuna mtu anafukuzwa." Mwingine alirudi kambini akasema ana homa, bora akose zamu kuliko kuteremka na nyapara aliyerukwa na akili.

Pale nje ya lango alikuwako mwanamke akiuza uji, Mkurya, jina lake Ghati. Huyu hakuwa na adabu ya kupoteza muda. Akamwita. "Baba Esta, njoo hapa. Umefanya nini pale?"

"Nimetabasamu."

"Hilo si tabasamu, hilo ni jino linauma. Umewatisha watu wangu, hata uji hawajamaliza. Sikiliza. Anza na macho, mdomo utafuata. Na kesho unywe uji hapa na wenzako, ukiwatazama. Usinipe mgongo, mgongo wako nimeuona vya kutosha."

Kesho yake akanywa uji kwa Ghati, akiwa amewatazama wenzake. Macho yakiwa kwa watu, uji ukamwagika kwenye koti la kaki. Mtu mmoja akacheka. Wote wakangoja waone nyapara atafanya nini. Stanslaus akajitazama koti, akacheka naye, na meno yakaonekana, na hakuna aliyesema habari ya kutu. Mwaka 1941 ulikuwa umepita zamani kwa kila mtu isipokuwa kwake.

Nisiwadanganye kwamba ilikuwa rahisi. Philomena anasema, "Jioni anakaa mlangoni anajikanda mashavu. Siku ya kwanza nikamwuliza, umepigwa? Akasema, hapana mama Esta, nimetabasamu." Alinisimulia hilo akacheka, kisha akafuta macho kwa mkono wenye unga wa mihogo.

Kila asubuhi, kabla ya kuteremka, Stanslaus alikunjua uso na kusema maneno yale yale: "Mimi sina neno. Mwenye neno?" Wiki za kwanza hakuna aliyejibu. Kisha Msumbwa mmoja, Marselino, akajipa moyo akasema, "Neno langu, viatu vyangu vinaingiza maji." Stanslaus akaenda stoo akagombana mpaka viatu vikapatikana. Basi, bwawa likapasuka. Watu wakaleta yote. Panya wamehama upande wa kushoto. Mke wangu ameota nyoka. Taa yangu inanuka. Uji wa Ghati una mchanga. Na yeye anasikiliza yote, ametabasamu, amechoka. Ukiacha mlango wazi, mgeni huingia na kuku naye huingia. Huwezi kumwambia kuku wa leo asiingie na bado mgeni wa kesho akajua anakaribishwa.

Nyumbani nako mambo yakabadilika. Esta akaacha kujificha. Leo ni msichana mkubwa, na alipopita na ndoo ya maji nilimwuliza anamkumbuka baba yake kwa lipi. Akafikiri. Akasema, "Nilikuwa namwambia nikivunja kitu." Akaenda zake na maji yake. Wasikilizaji, mzazi yupo hapo anayesikia? Mtoto alikuwa akivunja kitu, anakwenda kumwambia baba yake.

Majirani wakaanza kuingia nyumba ile kuomba chumvi, kuketi, kuteta kidogo. Usingizi wa Stanslaus ukarudi, si wote, lakini wa kumtosha mtu anayeamka mapema. Hata hivyo Philomena alinikanya nisije nikasema hapa redioni kwamba mumewe alikuwa mtu wa furaha. "Hakuwa. Alikuwa na tabasamu. Ni vitu viwili. Furaha ilikuwa inakuja siku nyingine, ikikuta uso uko tayari, inakaa kidogo."

Mtu mmoja tu hakumjibu. Athanas. Kila asubuhi Stanslaus alimtolea tabasamu, kila asubuhi Athanas alitazama vidole vya miguu yake. Uji alinywea upande wa pili wa lango. Mwaka ukapita, na mwingine, na mwingine. Ghati akamwambia nyapara, "Mwache huyo, utachakaa uso bure." Stanslaus akajibu kwamba huyo ndiye hasa anayemdai. Aliendelea.

Ikafika mwaka 1954. Masika tena. Stanslaus alikuwa amesimama kwenye njia panda, kule chini, taa mkononi. Akamwona Athanas anakuja. Athanas akaja mpaka karibu yake, akasimama. Akafungua mdomo. Akaufunga.

Yanayofuata Philomena aliyasikia kwa mumewe mwenyewe. Alitaka kumshika Athanas mabega, alitaka kupiga kelele, sema, sema. Lakini alijua mtu mwenye hofu ukimpigia kelele hukimbia. Akakunjua uso uliokuwa umechoka kuliko siku zote. Akaanza na macho, kama alivyofundishwa na muuza uji. Akasema taratibu, "Mimi sina neno, Athanas. Mwenye neno?"

Athanas akamtazama. Akasema, "Mti unalia."

Stanslaus akapiga filimbi. Wakatoka wote. Wote, nasema, hata Marselino aliyekuwa mbali kabisa.

Na dari halikuanguka. Walikaa nje wakingoja, hakuna kitu. Bwana mkubwa akaja, akateremka, akagonga huku na huku, akapanda juu amekasirika. Zamu nzima ilikuwa imepotea, na haikuwa mara ya kwanza Stanslaus kuwatoa watu kwa neno la mtu. "Wewe napiga filimbi kama mtoto," akamwambia kwa Kiswahili chake. "Nani nasema mti nalia?"

Athanas alikuwa amesimama palepale, amekauka. Stanslaus angeweza kumnyooshea kidole. Akasema, "Mimi ndiye niliyesikia, bwana." Akavuliwa koti. Akanyang'anywa filimbi. Akaambiwa achague: aende kwao au asukume toroli. Akachagua toroli.

Jumapili iliyofuata, watu wakiwa kanisani na wengine wamejilaza, kambi ikasikia mshindo. Dari la upande ule lilikuwa limeanguka lote. Hakukuwa na mtu chini yake. Nasema tena, maana nataka walioko mbali na redio nao wasikie: hakukuwa na mtu chini yake.

Hakuna aliyemrudishia filimbi, naye hakuidai. Jumatatu alifika kazini akiwa na shati tu. Kwenye toroli lake akamkuta Athanas amekwisha kushika upande mmoja, anamngoja. Athanas akasema, "Mwangaluka," ile salamu yetu ya asubuhi. Stanslaus akaitikia. Wakasukuma toroli moja, kwenye reli zile zile alizosukuma Mihayo, mpaka kifua cha Stanslaus kilipokataa kazi.

Vumbi la kule chini halina rafiki. Mwaka jana, 1957, aliacha mgodi, wakahamia Buseresere, Philomena auze mihogo. Yeye alikaa kwenye kibaraza, akikohoa, akitazama malori ya Biharamulo yakipita. Kila aliyepita alikunjuliwa uso. Wengi walidhani ni mtu asiye na shida. Wakasimama, wakamweleza shida zao, wakaenda zao wepesi, na yeye akabaki na kikohozi.

Alipozidiwa, Athanas alipanda lori akamfuata bibi Limi ng'ambo ya Isaka. Ni safari ndefu kwa mwanamke wa umri ule. Walifika Buseresere asubuhi. Stanslaus alikuwa amekata roho alfajiri.

Walikuta wanawake wamekwisha kumwosha na kumlaza vizuri. Kama ilivyo desturi, walikuwa wamemfunga kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini, ili mdomo usibaki wazi. Limi hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja kitandani, akasimama, akatazama kile kitambaa.

"Mfungueni," akasema.

Mwanamke mmoja akamweleza kwa upole, "Bibi, mdomo utabaki wazi. Watu wanakuja kumuaga, meno yataonekana."

Limi akasema, "Mimi ndiye niliyemwambia afungue." Akakifungua kitambaa kwa mkono wake mwenyewe.

Midomo ikaachana kidogo. Meno yakaonekana, ya kahawia, ya maji ya kwao. Watu wakapita mmoja mmoja kumuaga: Ghati, Marselino, watu wa kikosi waliokuja kwa lori kutoka Geita. Athanas alipita wa mwisho. Alisimama karibu sana.

Nilimwuliza bibi Limi kama hatimaye alimsamehe. Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto mzito wa kuelewa. Akasema, "Nilikuja. Hukuambiwa kwamba nilikuja?"

Tunatoa pole kwa mjane Philomena. Tunatoa pole kwa Esta. Tunatoa pole kwa Athanas na wote waliokuwa katika kikosi kile, na kwa bibi Limi, ambaye pole yetu kwa ajili ya Mihayo imechelewa miaka tisa. Mungu awape nguvu ya kubeba, na awapumzishe marehemu wote wawili.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, sitawaambia mtabasamu kwa sababu dunia ni tamu. Wengi mmerudi kutoka shambani au kazini mmechoka, na uso uliochoka hujikunja wenyewe, naelewa, hata wangu uko hivyo sasa hivi. Lakini kuna mtu nyumbani kwako, au kazini kwako, ana neno. Pengine ni dogo, la viatu. Pengine mti unalia. Ugali ukishaliwa, kabla hujalala, kaa kidogo ujiulize: leo ni nani aliyekuja mpaka karibu yako, akarudi?